Anayeitwa Mambo Yakiharibika

Iko Jumapili moja, mwanangu, ambayo haijanitoka kichwani hata leo, na si kwa sababu nilishinda, maana mchezo wangu mimi nilishindwa. Sogea karibu na hita. Mvua hii ya Birmingham haina haraka, na mimi pia sina.

Juzi uliniambia kwamba katika shule unayofundisha wewe ni wa kushikia tu. Mwalimu huyu akiugua unaingia darasani kwake, yule akienda kujifungua unakaa mahali pake, na picha za walimu zikibandikwa ukutani yako haimo. Uliyasema hayo kwa Kiingereza, kama mnavyofanya nyinyi mliozaliwa huku, lakini uchungu hauna lugha, niliuelewa. Sikukujibu siku ile kwa sababu shangazi yako alikuwa ameleta chapati, na pia kwa sababu jibu langu ni refu. Leo chapati hazipo.

Nilipofika mji huu nilikuwa kijana wa Meru mwenye bega zuri. Nilikuwa nasomea uuguzi, na Jumamosi nafanya kazi katika nyumba ya kutunza wazee kule Shard End. Jioni moja nikitoka kazini nilipita kando ya uwanja, nikaona watu wanacheza besiboli. Nilisimama kama mtu aliyesikia lugha ya kwao stesheni. Shule yetu kule nyumbani ilikuwa na mwalimu aliyeupenda sana mchezo huo, akatufundisha kwa vigongo tulivyochonga wenyewe. Basi mpira ukaruka uzio ukaniangukia miguuni. Niliuokota, nikautupa mpaka kwa mzee mmoja aliyesimama mbali kabisa, mwenye kilemba cha buluu na ndevu nyeupe. Hakulazimika kusogeza mguu kuudaka.

Akaja mpaka kwenye uzio, akaniuliza kwa Kiingereza nimetoka wapi. Nikasema Kenya. Akabadilisha ulimi papo hapo.

"Kenya wapi?"

Huyo ndiye Mzee Balbir. Alizaliwa Kisumu, akakulia Kisumu, na Kiswahili chake kilikuwa bado na vumbi la kule. Katika timu ile yeye ndiye aliyekuwa mwalimu wa wachezaji, na kuanzia jioni ile na mimi nikawa mchezaji wake.

Ngoja nikueleze kidogo mchezo wenyewe, maana najua kwenu ni mpira wa miguu tu. Kuna mrushaji, anasimama juu ya kilima kidogo katikati ya uwanja. Anamrushia mpigaji mpira, mpigaji anajaribu kuupiga kwa kigongo, akifaulu anakimbia, na akizunguka uwanja mpaka akarudi alipoanzia, hiyo ni pointi. Timu zinapokezana hivyo kwa vipindi, moja ikirusha na nyingine ikipiga. Sasa, mkono wa mrushaji ni kama betri, ukitumika sana unaisha, na ukiisha siku hiyo hauchajiki. Kwa hiyo timu huwa na warushaji kadhaa. Yuko wa kuanza, huyo ndiye bwana harusi. Wako wa kumalizia, hao wanaingia mwishoni wakiwa wabichi, wanarusha kidogo kwa nguvu, wanapigiwa makofi. Halafu yuko mmoja wa katikati. Huyo anakaa benchi amejifunika koti. Bwana harusi akiharibikiwa mapema, akipigwa vibaya au akiumia, ndipo mtu huyo anaitwa, na akishaitwa harushi kidogo. Anabeba mchezo kipindi baada ya kipindi, mpaka utakapofika mahali pa wale wa kumalizia.

Mzee Balbir alinipa nafasi hiyo ya katikati.

Mwanzoni nilifurahi, mgeni hachagui kiti. Lakini siku zilivyosonga nikaanza kuona ubaya wake. Mambo yakienda vizuri, nilikaa benchi mchana kutwa, nikarudi nyumbani na nguo safi. Niliposikia jina langu likiitwa, ujue tumeshapigwa, watu wamenuna, na anayeanza anatembea kutoka kilimani ameinamisha kichwa. Nilikuwa naingia matangani kila siku, harusini sialikwi. Rafiki zangu wa kanisani wakiniuliza wikendi ilikuwaje, sikuwa na la kusimulia. Utasimuliaje kwamba ulizuia watu wasikupige zaidi?

Ndipo timu nyingine ya upande wa pili wa mji ikanitumia ujumbe. Waliniambia wameniona, na kwao nitakuwa wa kuanza. Niliwaambia nitawajibu baada ya Jumapili, lakini moyoni nilikuwa nimeshawajibu.

Nilitaka kuondoka kwa adabu, hivyo nikaenda kumuaga Mzee dukani kwake Balsall Heath. Alikuwa na duka dogo la mabomba na masinki, katikati ya hoteli za balti, ule mchuzi wa viungo wa Wapakistani, na harufu ya vitunguu vinavyokaangwa ilikuwa inaingia mpaka kwenye masanduku ya vifaa. Aliagiza chai na mogo ya kukaanga. Wahindi wa kwetu wanaita mogo, kumbe ni muhogo wetu tu uliosafiri. Nikala kwanza, maana habari mbaya haitolewi mbele ya sahani iliyojaa. Kisha nikamwambia yote. Nikamwambia kwamba nimechoka kuwa mtu wa kuitwa mambo yakiharibika.

Nilitegemea atanibembeleza, au atakasirika. Alipangusa vidole vyake polepole.

"Ni kweli," akasema. "Nakuita yakiharibika. Sasa yakiharibika, ulitaka nimwite nani? Mtu ambaye yataharibika zaidi mikononi mwake?"

Akanisimulia kwamba alipofika nchi hii akiwa kijana aliajiriwa kuendesha basi, lakini hakupewa njia. Alikuwa dereva wa akiba. Kila asubuhi alikaa kwenye karakana na koti lake la kazi, akingojea kuona nani hakufika. Leo anaendesha kwenda Digbeth, kesho upande mwingine kabisa. Wenzake walikuwa na njia zao, na abiria waliowajua kwa majina na kuwaletea zawadi za Krismasi. Yeye hakuna aliyemjua. Siku moja alimlalamikia mkubwa wake, mzee wa Jamaika aliyekaribia kustaafu. Yule mzee akamwuliza kama amewahi kuwaona abiria waliosimama kwenye mvua kituoni wakati dereva wao ni mgonjwa, na kama anadhani wanapoona basi linatokea wanauliza dereva ni wa kudumu au wa akiba.

"Mutwiri," Mzee Balbir akaniambia, na hapo sauti yake ilikuwa na ukali kidogo, "wewe unatazama nani anaanza. Hilo ni jambo la watazamaji. Mimi kazi yangu ni kutazama siku nzima. Nenda ukitaka, sitakufungia mlango. Lakini Jumapili njoo, kwa sababu nimeshakuweka katika hesabu zangu, na mtu mzima haondoki katikati ya hesabu."

Nikaahidi nitakuja. Nilitoka pale nimekasirika, mwanangu, sikufichi. Kukemewa na mtu anayekulipia chai ni kugumu, huwezi hata kubamiza mlango.

Jumapili ile tulikuwa na michezo miwili siku moja, na wapinzani ni walewale, mmoja asubuhi na wa pili alasiri. Ndivyo ligi yetu ilivyopangwa, ili watu wasisafiri mara mbili. Ilikuwa siku ya mwisho ya msimu. Ilitubidi tushinde mchezo mmoja kati ya miwili, la sivyo tunashuka daraja, na sote tulijua kwamba tukishuka, wengi wataacha na timu itakufa. Tulikuwa wachache. Kwa baadhi yetu, wageni wa mji huu, timu ile ndiyo iliyokuwa mahali pekee ambapo mtu aligundua kama hukufika.

Wa kuanza asubuhi alikuwa Darren, kijana wa hapahapa, fundi wa kupaka rangi nyumba, mwenye watoto wawili wadogo na mkono wa radi. Darren akiwa sawa, mpira wake huuoni, unausikia tu. Lakini asubuhi ile kulikuwa na baridi na manyunyu, mpira umelowa, na tangu mwanzo nikaona hauendi anakotaka. Mipira ikapotoka, na kwa sheria ya mchezo wapigaji wakasonga bure bila kupiga, huyu na yule, kisha akapigwa, akapigwa tena. Ngoma ikivuma sana hupasuka. Kabla kipindi cha kwanza hakijaisha tulikuwa nyuma kwa pointi tano, na Darren amesimama kilimani ameshika kiwiko.

Mzee Balbir akatembea mpaka kwake, wakasemezana. Kisha akageuka akanitazama benchi. Nikavua koti.

Nilipofika kilimani, Darren aliniachia mpira bila kunitazama usoni, akaondoka. Mzee akabaki nami kidogo. Nilimwambia mchezo huu umeshakwenda. Akakubali kwamba huenda umeshakwenda.

"Sikuombi ushindi," akasema. "Nimebakiwa na warushaji wawili tu, Lukasz na Sam. Nikiwaingiza sasa, alasiri sina mtu. Nataka wakae wakavu mpaka mchezo wa pili. Unaweza kunibebea huu mpaka mwisho, peke yako?"

Hakuwahi kuniuliza swali hilo kabla. Nikasema nitajaribu. Akashuka.

Mdaka wetu, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji, alikuwa Trésor, Mkongo wa Bukavu. Alikuja mpaka kilimani akavua barakoa yake ya chuma. Pengine aliona jinsi nilivyoushika mpira, nimeubana kama mtu anayetaka kumpiga nao mwizi.

"Kaka," akaniambia kwa Kiswahili chake, "usitafute kuwamaliza. Unipatie mupira chini, chini tu. Batu ya nyuma yetu iko na mikono. Voilà, pole pole."

Basi nikafanya hivyo. Sikurusha kwa nguvu zangu zote. Nilirusha chini, karibu na magoti yao, mpira mzito usiopendeza, na wao wakaupiga, ukabingirika ardhini, na wenzetu wakaudaka na kumtoa mpigaji. Kipindi kimoja kikapita hivyo. Kikapita kingine. Watazamaji wachache waliokuja wakaenda kununua chai, maana hakukuwa na la kutazama. Ndege zikapita juu yetu zikielekea uwanja wa ndege, na mimi narusha tu. Kuna kipindi walinipiga vizuri wakapata pointi mbili, nikamtazama Mzee nikidhani atanitoa. Alikuwa anamenya ndizi. Nikaelewa kwamba hakuna anayekuja, ni mimi tu, na ajabu, jambo hilo likanituliza. Bega likaanza kuuma, kisha likaacha kuuma likawa zito tu, kama ndoo iliyojaa. Nikajifunza kupumua kati ya mpira na mpira. Nikajifunza kutofikiria pointi tano zile ambazo hazikuwa zangu.

Na kidogo kidogo, kwa kuwa wapinzani hawakuongeza zaidi ya hizo mbili, wenzetu wakapata moyo wa kupiga. Pointi moja, baadaye nyingine. Bandu bandu huisha gogo. Mwishoni tulikuwa tumebakiza pointi moja tu kuwafikia, na Trésor alipoupiga mpira wa mwisho mbali, sote tulisimama. Mtu wao mmoja akaukimbilia, akaudaka.

Tukashindwa. Nikakaa kwenye nyasi zilizolowa, nikahisi kwamba nimefanya kazi ya punda na jina langu litaandikwa upande wa walioshindwa. Mzee Balbir alikuja akaniwekea koti lake mabegani, akanipa nusu ya mkate wa mayai, akaondoka. Alikuwa na mchezo mwingine wa kupanga.

Alasiri Lukasz akaanza. Huyu alikuwa dereva wa lori kutoka Poland, mtu mkimya, na mkono wake ulikuwa mbichi kabisa. Wapinzani wetu, kwa upande wao, walikuwa wamewatumia warushaji wao wazuri asubuhi wakilinda ile pointi moja. Walipotupandishia mrushaji wa alasiri, tuliona mapema kwamba si mtu wa kazi hiyo. Kumbe wakati mimi nalalamika moyoni kwamba nachoka bure, wao ndio walikuwa wanachoka. Lukasz akaenda vizuri mpaka karibu na mwisho, kisha akaingia Sam, akamalizia kwa mipira michache ya moto. Tukashinda kwa pointi nne. Tukabaki kwenye daraja letu.

Watu wakamwinua Lukasz na Sam. Na mimi nilikuwa hapohapo chini yao nikisukuma kwa mkono wa kushoto, maana wa kulia haukunyanyuka, na nikajikuta napiga kelele mpaka sauti inakauka. Nilitafuta ule wivu wangu wa siku zote nikaukosa. Nilijua mchana ule ulisimama juu ya asubuhi yangu, na sikuhitaji mtu mwingine ajue.

Lakini yuko mmoja aliyejua. Tulipokuwa tunakusanya vifaa, Darren akanijia. Alikuwa amefungia kiwiko chake pakiti ya njegere za barafu alizonunua duka la jirani. Akaniambia, kwa kile Kiingereza cha Birmingham ambacho wakati ule nilikuwa bado nakielewa nusu, kwamba kiwiko kilianza kuuma tangu mpira wa pili. Alikuwa ameamua kuendelea hata kikikatika, kwa sababu aliogopa hatuna mtu. Mzee alipofika kilimani ndiye aliyemwambia kwamba mtu yupo.

"Kesho asubuhi natakiwa niwe juu ya ngazi," akasema. "Mkono huu ndio unaolisha watoto wangu. Asante kwa kuwa tayari."

Hakusema asante kwa kurusha vizuri, mwanangu. Alisema asante kwa kuwa tayari. Nimepata vyeti viwili vitatu maishani, shangazi yako amevitia fremu, lakini neno lile sijapata kulilinganisha na kitu.

Jumatatu niliwajibu wale wa timu nyingine, nikawashukuru, nikawaambia nina kazi huku. Nilimpigia Mzee Balbir simu kumwarifu. Akasema vema, akaniuliza kama nimelikanda bega kwa maji ya moto, akakata simu kwa sababu alikuwa na mteja. Nilikaa katika nafasi ile ya katikati misimu mingi, mpaka bega lenyewe likaniaga. Na katika uuguzi nikawa hivyo hivyo. Wodi ikipungukiwa watu, walijua wa kumpigia ni mimi. Mzee Balbir sasa ni mkongwe sana, masikio yamekwenda, lakini nikimtembelea bado ananiita kwa jina langu na bado ananipa mogo.

Sasa nikuambie ninachotaka ushike. Usipime kazi yako kwa kutazama nani aliitwa kwanza. Wa kwanza huitwa wakati mambo ni mazuri, na mambo yakiwa mazuri hata mtu wa kawaida anafaa. Wewe unaitwa pale darasa limebaki bila mtu, watoto wamechanganyikiwa, na mwalimu wao yuko kitandani anawaza nani atawashika. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Wahenga walisema pia mgeni njoo mwenyeji apone, na wewe ndiye mgeni huyo: ukiingia, mtu mahali fulani anapata nafasi ya kupona. Huenda hatakujua, wala watoto hawatakumbuka jina lako mwakani. Ingia hivyohivyo. Usiingie na kinyongo cha makosa uliyoyakuta, si yako. Usitake kumaliza yote kwa siku moja ili waone ulivyo hodari. Fundisha somo lililo mbele yako, kisha linalofuata, uwaache wengine nao wakufae.

Na ukipewa darasa lako mwenyewe siku moja, nitafurahi nawe na tutakula pilau. Lakini usiondoke mahali kwa sababu tu unaona aibu ya kuwa wa akiba. Ondoka kwa sababu umeitwa kwingine, na uwe umemaliza hesabu ya watu uliokuwa nao.

Haya, inama nikuwekee mkono. Mungu akupe pumzi ndefu na bega lisilochoka. Akupe wenzako wenye mikono nyuma yako, na mkubwa anayeona siku nzima. Palipoharibika, ufike salama; ukiondoka, uache pametulia. Na usiku ukilala, ulale kama mtu aliyetosha. Amina.